Kipande cha Nne cha Hadithi ya Fundi Saa

Deo angekifunga kile kitabu kwa gazeti au kwa plastiki, ningekipokea kama ninavyopokea vingine vyote: nakiweka pembeni mwa cherehani, nangoja umeme ukatike. Lakini alikifunga kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Dereva wa taksibusi ya kutoka Lubumbashi aliponikabidhi, harufu ile ikanipanda puani palepale kando ya barabara. Karatasi ya simenti iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa mihogo, kwangu mimi, ndiyo harufu ya riwaya. Wengine wanasema vitabu vinanukia wino. Vya nyumba yetu vilinukia simenti.

Deo ni mdogo wangu, na mimi ndiye yaya wake, dada mkubwa. Anafanya kazi kwenye duka la fotokopi Lubumbashi, na kila akipita kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, hawezi kurudi mikono mitupu. Anasoma, kisha ananitumia Likasi, kisha ananitesa. "Yaya, ile kitabu uliiona je?" Sauti yake inaingia kwenye simu asubuhi, mchana, hata nikiwa na pini mdomoni na mteja amesimama mbele yangu na sketi nusu. Anataka maoni. Mimi fundi wa kushona sare za shule, nimekuwa mtoa maoni.

Na kusema kweli nimechoka. Mwaka huu tu amenitumia riwaya nne kabla ya hii. Kulikuwa na moja nene kama tofali, ya ukoo mzima, kuanzia babu hadi vitukuu, ndani ya jumba moja kubwa. Kurasa mia nne na hakuna mtu aliyepika! Wanapendana, wanasalitiana, wanarithiana, wanazikana, na njaa haiwaumi hata siku moja. Nilimuuliza Deo, "Bale bantu banakulaka nini?" Akacheka hadi simu ikakatika. Nyingine ilikuwa ya wachimbaji wa madini, na hiyo ilinikasirisha kabisa, maana mwandishi wake alimweka mke wa mchimbaji dirishani, analia, vumbi jekundu likipepea. Mke wa mchimbaji halii dirishani, anafua. Maji ya kwanza ya nguo za mtu aliyetoka kuchimba Kamatanda yanatoka ya kijani, na ukiyamwaga kwenye lengalenga, mboga inakauka. Mwandishi huyo hajawahi kufua, na mtu ambaye hajafua asiniambie habari za mashimo.

Ya polisi nilimjua muuaji mapema sana, nadhani hata mwandishi alikuwa bado hajamjua. Lakini mlemle kulikuwa na bibi mmoja mwenye nyumba ya kupangisha aliyekuwa akiongea na kuku wake, akiwashtakia wapangaji. Kwa ajili ya kuku wale nilimsamehe mwandishi maiti zake zote. Ya mwisho ilikuwa ya mapenzi. Mwanamume anapotea nchi za watu, mwanamke anangoja, na ukurasa wa mwisho mlango unafunguka, huyoo, amerudi, wanakumbatiana. Niliitupa juu ya rundo la mashati. Deo akashangaa, kwa nini nimekasirikia kitabu ambacho kila mtu anakisifu. Nikamjibu tu kwamba nimechoka na milango inayofunguka. Sikumwambia kwamba mwisho ule naujua sana, kwa sababu niliwahi kuutumia mwenyewe.

Jambo lingine linalomkera Deo ni kwamba siwezi kuanza kitabu mwanzoni. Nakifungua karibu na robo ya tatu, nasoma, kikinishika ndipo narudi nyuma. Anasema ni dharau kwa mwandishi. Si dharau. Ndivyo nilivyolelewa.

Baba yetu alifanya kazi ya posti, yaani ya zamu, kwenye kiwanda, wiki moja asubuhi, wiki moja mchana, wiki moja usiku, na yeye na wenzake watatu walikuwa na ugonjwa mmoja wa riwaya. Vitabu vilikuwa haba. Wakipata kimoja, hawakukaa kungojana. Jumapili baada ya misa walikaa uani kwetu, baba akatoa wembe, akakipasua kitabu mgongoni vipande vinne. Kila kipande walikishona kwa uzi wa mifuko ya simenti, wakakivika jalada la karatasi ya mfuko uleule kwa gundi ya unga, wakaandika namba juu kwa penseli nene. Kila mtu aliondoka na chake, Jumapili inayofuata wanabadilishana. Kwa hiyo katika watu wanne, mmoja tu ndiye aliyeanza hadithi mwanzoni. Mwingine alimzika mtu kabla ya kumwona akizaliwa. Baba mara nyingi aliangukiwa na kipande cha tatu, na hakulalamika. "Kitabu ya muzuri inakukamataka mu katikati," alikuwa akisema. "Ikikuachilia pale, na mwanzo ni bule."

Jioni mama alichambua maharage, baba akasoma Kifaransa kimoyomoyo na kumsimulia kwa Kiswahili. Mama hakusoma shule. Mimi nilikaa ubavuni mwa baba nikifuata kidole chake, na hivyo ndivyo nilivyojifunza Kifaransa, katikati ya sentensi za watu nisiowajua. Na kwa kuwa sikuwahi kuona kitabu kizima, nilielewa mambo vibaya. Niliamini vile vilikuwa barua. Niliamini kuna watu mahali fulani wanaopatwa na mambo hayo, na wanatuarifu, na habari inachelewa njiani kama barua zote zinavyochelewa. Kipande cha nne kisipofika, basi mambo bado hayajatokea. Hakuna aliyenisahihisha, maana sikumwambia mtu.

Kitabu cha mwisho baba kusoma nyumbani kilikuwa cha fundi saa mmoja wa nchi ya baridi, aliyemwacha mkewe na binti yake akaenda mji wa mbali kutengeneza saa ya kanisa. Vipande viwili vya kwanza tulivimaliza. Cha tatu baba alikuwa amefika nusu. Kiwanda kilikuwa kimeanza kuwaambia watu wakae nyumbani wangoje, na waliokaa walingoja na mifuko mitupu. Siku moja alifunga blanketi na nyundo juu ya baiskeli akasema anaenda upande wa Kolwezi kutafuta mawe ya madini, ataleta habari. Kipande cha tatu alikiacha juu ya meza. Kipande cha nne kilikuwa kwa mwenzake mmoja, na mwenzake huyo naye alihama Likasi na familia yake. Basi. Mtu ameenda, na mwisho wa kitabu umeenda.

Nilimmalizia mama kipande cha tatu mimi, kwa sauti yangu ya darasa la tatu. Kiliishia katikati ya sentensi, maana wembe haukuangalia nukta. Mke wa fundi saa yuko jikoni, sanduku lake limefungwa, kaka yake amemwambia atakuja kumchukua kwa gari la farasi. Maneno ya mwisho yalikuwa haya: alisikia hatua nje, akasimama, na.

"Na nini?" mama akauliza.

"Na, basi. Imekatika."

"Ah, weye! Na kitu gani?"

Kila siku chache aliuliza kama kipande kile kimefika. Mvua zikapita, zikarudi tena, baba hakutuma neno. Na mimi kichwani mwangu mambo mawili yakashikana. Fundi saa ameondoka, baba ameondoka. Nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba kipande cha nne kikifika ndipo tutakapoarifiwa baba yuko wapi.

Kilichofika ni mjomba. Alitoka Kapolowe kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akanywa maji, na hata jasho halijakauka akaanza. "Dada, miaka ibili sasa. Muntu anaenda miaka ibili, hatume hata neno, ule haiko tena bwana. Funga bintu, twende. Kule kuko mashamba, batoto banakula." Mtoto nilikuwa mmoja, lakini mjomba alipenda kuongea kwa wingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilimwogopa. Tukienda Kapolowe, baba akirudi atakuta nyumba ina watu wengine, na hatajua pa kutuuliza.

Mama alipepea babula, jiko lake la mkaa, hadi makaa yakashika. Halafu akasema, "Ngoja kwanza mutoto animalizie kitabu. Kisha nitakujibu."

Mjomba alimtazama dada yake kama mtu aliyerukwa na akili. "Kitabu!"

"Eeh, kitabu. Imebakia kipande moja."

Niliingia ndani. Juu ya kabati la nguo kulikuwa na vipande vya vitabu vingine, yatima tu, visivyo na wenzao. Nikatafuta chenye namba nne. Nikakipata, cha kitabu kingine kabisa, habari za wezi wa farasi. Jalada lilikuwa lilelile la simenti, na mama hakujua kusoma. Nikatoka nacho uani, nikasema kimefika juzi, nilisahau kuwaambia. Nikakifungua. Macho yangu yalisoma wezi wakifukuzwa mlimani, na mdomo wangu ukasema: alisikia hatua nje, akasimama, na mlango ukafunguka, na fundi saa akaingia. Nikaongeza kwamba alikuwa amekonda. Nikaongeza kwamba saa ya kanisa ilikuwa kubwa mno, ndiyo maana alichelewa. Niligeuza kurasa kwa wakati wake, kama msomaji wa kanisani.

Mjomba alisikiliza yote, kofia juu ya goti. Nilipomaliza alisema, "Ule ni muzungu. Bazungu banarudiaka."

Mama alipakua bukari, ugali wetu, akanawa mikono, akamwambia kaka yake, "Mi nabakia." Na mjomba akarudi Kapolowe peke yake kesho yake, na gunia lake la mizigo likiwa tupu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mimi yangu nilianza kuitembea siku ile na bado sijafika.

Maana tulibaki, na kubaki hakukuwa mchezo. Mama alisaga, aliuza mkaa, alifulia watu. Mikono ilimpasuka. Kila nilipomwona ameinama juu ya beseni, niliona kazi yangu. Kule Kapolowe angekuwa analima shamba la nduguye na kulala mapema. Nilitaka kumwambia, nikaishia kumchotea maji. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuchoka kama mtu mzima, msidanganywe. Nilichoka wakati ule, na nadhani uchovu huu nilionao leo ni uleule, haujawahi kulala.

Kisha, miaka miwili mingine ilipopita, mchana mmoja, mama anasonga bukari, mimi namshikia sufuria, mlango wa ua ukafunguka. Baba akaingia. Alikuwa amekonda kweli, kama nilivyosema. Mguu mmoja ulikuwa umevimba. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mkono wa mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu, kichwa kikubwa, kaptula haina kifungo, amebana pua yake kwenye suruali ya baba.

Mwiko wa mama ulisimama ndani ya bukari. Niliona uso wake ukibadilika, na nikajua kinachokuja ni kimoja kati ya viwili, kuwapokea au kuwafukuza, na nyumba nzima itaelekea huko. Ndipo akanigeukia mimi. Mimi, si baba.

"Weye. Mule mu kitabu, ule bwana alirudia peke yake?"

Yesu wangu. Makamasi ya mtoto yule yalikuwa yamefika mdomoni. Alikuwa ananitazama.

"Hapana, mama," nikasema. "Alirudia na mutoto. Mutoto mudogo, mwanaume."

"Mbele hukusoma vile."

"Nilisahau."

"Na bibi yake alifanya nini?"

"Alimupatia chakula."

"Nani? Bwana?"

"Mutoto."

"Na bwana?"

Nilifikiri. Hata mwongo ana mpaka wake. "Juu ya bwana hawakuandika kitu."

Mama aliuchomoa mwiko. Akakata tonge, akalipuliza, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akachuchumaa na kumwekea mtoto mdomoni. Mtoto alitafuna, akafungua mdomo tena. Baba alisimama palepale mlangoni na mguu wake mpaka jua likapungua, ndipo mama akamsukumia kiti. Mama wa mtoto alikuwa amefariki kambini kwa wachimbaji, hilo tulilijua baadaye. Baba naye hakukaa nasi miaka mingi, kifua kilimchukua. Mtoto alibaki. Ndiye Deo.

Watoto wa mtaa hawakumwonea huruma. Walimwita wa kuokota. Alikuja analia, na mama alimfuta uso kwa ncha ya kikwembe alichojifunga akamwambia neno lilelile kila mara: "Baache. Weye ulikuwa mu kitabu mbele ya kufika hapa. Muulize yaya wako. Tulikuwa tunakungojea." Na Deo aliniuliza, na mimi niliitikia kwa kichwa. Alikua nayo hiyo kama wengine wanavyokua na jina la babu. Mpaka leo sijui kama mama aliniamini siku ile, au alikuwa ameshakata shauri na anatafuta tu karatasi ya kulishikilia. Nilikuwa nimepanga kumuuliza. Tulimzika mwaka jana kabla ya mvua.

Sasa huyu Deo, msomaji wa kila takataka, amepita kwa wauza vitabu vya chini akakuta kitabu kizee, kimoja, kizima, akasoma nyuma ya jalada: fundi saa, saa ya kanisa, mji wa mbali. Amenitumia sauti, na kwa mara ya kwanza hacheki.

"Yaya, nimeipata. Ile yenyewe. Minye naogopa kuisoma. Weye ndiyo ulikuwa unabasomeaka. Soma, kisha uniambie niko paji gani, ukurasa ya ngapi. Nataka nionyeshe batoto."

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Niliondoa mashati juu ya cherehani, nikafungua pale, moja kwa moja. Alisikia hatua nje, akasimama, na. Nikageuza ukurasa. Na akafungua mlango, na alikuwa kaka yake.

Alikuwa kaka yake na gari la farasi. Mwanamke anapakia sanduku, anamvika binti koti, anafunga nyumba, anampa jirani ufunguo. Fundi saa hatajwi tena, hata kwa jina. Kurasa za mwisho ni theluji tu na magurudumu. Mtoto wa kiume hayupo. Nilitafuta ukurasa kwa ukurasa kwa kidole, kama zamani, nikidhani labda macho yamenizeekea. Hayupo.

Kama ni maoni, basi haya hapa. Ni riwaya nzuri, bora kuliko zote nne za mwaka huu. Mwandishi alijua kazi yake, hakumdanganya mtu, alimwacha mwanamke aende. Ningekuwa msomaji tu ningemsifu. Mwisho wangu mimi ulikuwa wa kitoto, una mlango unaofunguka na mtu aliyekonda, nao ulimchosha mama yangu hadi kaburini. Lakini katika mwisho wake yeye hakuna mahali pa kumweka Deo. Nililia juu ya cherehani, mwanamke mzima, mteja akanikuta, nikamwambia ni vumbi la pamba.

Kumwambia ukweli nilishindwa. Kudanganya mara ya tatu nako nilishindwa, nimechoka, sina tena mdomo ule. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia nyuzi. Nikaulaza mgongo wa kitabu ukingoni mwa meza, nikakipasua kama baba, palepale kwenye ile sentensi. Kilichotangulia nikakigawa vipande vitatu, nikavishona kwa uzi mnene. Ile karatasi ya simenti aliyofungia Deo nikaikata majalada, nikapika gundi ya unga, nikabandika, nikaandika namba. Kipande cha nne nikakitia kwenye droo, chini ya mishono ya sare. Jioni nikampa dereva wa taksibusi kifurushi.

Kisha nikamtumia Deo sauti. Nilijaribu mara mbili kabla haijatoka sawasawa.

"Mudogo yangu, kitabu inarudia kwako, vipande bitatu. Tulikuwa tunakataka bitabu vile, mama alikuambia. Soma yote, ni ya muzuri. Lakini mule haumo. Weye uko mu kipande ya ine, ile nilimusomea mama, na hiyo kipande ndiyo minye niko nayo. Leta batoto. Nitabasomea."